Chaneli Zote kwa Elfu Kumi: Kinachouzwa Hasa katika Vifurushi vya Televisheni vya Bei Chee

Tangazo lenyewe huwa fupi. Linapita kwenye stetasi ya WhatsApp ya mtu unayemfahamu, au linabandikwa kwenye kundi la mashabiki wa mpira wa Mwanjelwa, Kihesa au Tunduma, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na maneno yake hayatofautiani sana: chaneli zaidi ya 10,000, mechi zote za ndani na nje, sinema na tamthilia zote, hakuna haja ya dishi, shilingi 10,000 kwa mwezi, na ukilipia mwaka mzima unapunguziwa hadi 60,000. Chini yake kuna namba ya simu na ahadi ya kujaribu bure kwa saa 24. Makala haya yanaeleza ni nini hasa kinachouzwa katika tangazo la namna hiyo, kwa sababu waliotapeliwa hawakutapeliwa wote kwa njia moja, na tahadhari inayozuia njia moja huiacha nyingine wazi.

Mahitaji yenyewe ni ya kweli. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mkoani Mbeya mwaka 2013, kuangalia televisheni kumehitaji king'amuzi, na kwa mpenzi wa soka king'amuzi kimoja mara nyingi hakitoshi. Haki za kuonyesha michezo huuzwa vipande vipande. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko mikononi mwa Azam Media, ambayo mwaka 2021 ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ilhali Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka mingi imeonekana hapa nchini kupitia SuperSport ndani ya DStv. Familia ya Mafinga au Tukuyu inayotaka kuona mechi inayochezwa Uwanja wa Sokoine, na jioni hiyohiyo kuiona Arsenal, inajikuta inalipia sehemu mbili kwa mwezi mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu waliotapeliwa huambiwa haraka sana kwamba wameponzwa na tamaa. Mtu anayetafuta njia nafuu ya kuwaangalizia watoto wake katuni na yeye mwenyewe mpira hana tamaa, na kumwaibisha kunamfanya anyamaze, jambo ambalo linamfaa muuzaji peke yake.

Mkataba huohuo wa TFF unatupa kipimo cha kwanza. Bilioni 225.6 kwa miaka 10 ni wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka, na hiyo ni ligi moja ya nchi moja. Hakuna kampuni yenye haki ya kuonyesha mechi zote za dunia, kwa kuwa haki hizo huuzwa kwa kampuni tofauti, nchi kwa nchi na mashindano kwa mashindano. Kwa hiyo mtu anayesema anazo zote kwa shilingi 10,000 yuko katika hali moja kati ya mbili: ama hana chochote, ama anacho kitu ambacho si chake. Hali hizi mbili zinahitaji kuelezwa kila moja kwa nafasi yake, nami nitaanza na ile ya pili kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Pale ambapo picha inacheza kweli

Mtu mwenye mitambo, mara nyingi nje ya nchi, ananunua vifurushi halali vya nchi mbalimbali, ananasa picha zake na kuzirusha upya kwa njia ya intaneti kupitia seva zake, yaani kompyuta zinazowatumia watazamaji picha. Yeye mwenyewe kwa kawaida hawauzii watazamaji. Anauza salio kwa mawakala, ambapo salio moja hulingana na mwezi mmoja wa mteja mmoja, na kila wakala hupewa ukurasa wake wa kufungulia akaunti. Wakala huyo anaweza kuuza sehemu ya salio lake kwa wakala mdogo, naye kwa mwingine, hadi mlolongo unamfikia kijana mwenye simu janja pale Kabwe ambaye hajawahi kuiona seva yoyote wala hajui iko nchi gani. Ukimlipa, anakutumia mistari mitatu: anwani ya seva, jina la mtumiaji na neno la siri. Unaijaza kwenye programu ya kuchezea video, orodha ndefu ya chaneli inafunguka, na kazi yake imekwisha.

Ile programu ya kuchezea inahitaji maelezo, maana ndiyo inayowatuliza wengi. Husikika watu wakisema kwamba kama programu imepatikana kwenye duka rasmi la Google, basi huduma nayo ni halali. Programu nyingi za aina hii ni vichezeo vitupu. Hazina chaneli hata moja ndani yake, na duka lililozipokea limepokea kichezeo. Chaneli zinakuja na ile anwani uliyotumiwa kwa WhatsApp, ambayo hakuna duka lililoikagua.

Jaribio la saa 24 nalo linawanasa hata watu waangalifu. Mtu anajiambia kuwa tapeli asingemwonyesha picha kabla ya kupokea fedha. Ameona kwa macho yake mechi ikicheza, kwa hiyo mambo ni safi. Lakini jaribio linathibitisha jambo moja tu, kwamba picha inacheza leo. Halisemi lolote juu ya mwenye picha wala juu ya kesho. Mnunuzi wa viazi pale Uyole haridhiki na viazi vikubwa vilivyopangwa juu ya gunia, bali hulimimina. Akaunti hii haina namna ya kumiminwa, kwa kuwa kilicho chini yake kiko mbali na kimefichwa kwa makusudi.

Na kweli mambo hayo huanguka kwa ghafla. Septemba 2019 polisi wa Italia, wakishirikiana na vyombo vya nchi nyingine za Ulaya, waliuzima mfumo ulioitwa Xtream Codes, ambao mawakala wengi duniani waliutumia kuendeshea akaunti za wateja wao, na idadi kubwa ya watazamaji wakabaki na kioo cheusi siku hiyohiyo. Novemba 2024 operesheni nyingine iliyoongozwa na Italia ilivunja mtandao uliokuwa ukiwahudumia watumiaji zaidi ya milioni 22. Mteja wa Makambako aliyelipia mwaka mzima kwa kijana wa mtaani kwake hana habari kwamba picha yake inategemea seva iliyo Ulaya, na seva hiyo ikikamatwa hakuna wa kumrudishia miezi iliyobaki. Hapo ndipo majibu yanapobadilika. Siku ya kwanza ni "boss, seva ipo kwenye matengenezo, vumilia kidogo". Siku ya tatu ni "mkuu, tumehamia seva mpya, ongeza elfu tano nikuhamishie". Baada ya hapo ujumbe unabaki na alama moja ya tiki, na picha ya wasifu wa muuzaji haionekani tena.

Punguzo la mwaka mzima linapaswa kutazamwa kwa jicho hilo. Kampuni inayotegemea kuwapo mwakani inaweza kukupunguzia bei kwa kulipa mapema. Mtu asiyejua kama seva yake itakuwapo wiki ijayo ana kila sababu ya kuchukua fedha zote sasa. Ushauri wangu kwa anayetaka kulipia huduma yoyote ya intaneti asiyoifahamu, hata ile inayoonekana halali, ni kulipa kwa mwezi, na kukataa kabisa punguzo la mwaka hadi atakapokuwa na sababu ya kuiamini.

Kuna pia gharama ambayo tangazo haliitaji. Video ya ubora wa juu hula takribani GB 3 kwa saa, na ya ubora wa kawaida takribani GB 1. Mechi moja pamoja na mapumziko na uchambuzi ni saa mbili, yaani kati ya GB 2 na GB 6. Anayetumia bando la simu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi nje ya katikati ya miji, afanye hesabu ya mechi za mwezi mzima kabla ya kusema kuwa 10,000 ni nafuu kuliko king'amuzi. Na picha huganda hasa siku ya mechi kubwa, kwa sababu seva imeuzwa kwa watu wengi kuliko uwezo wake, na pia kwa sababu wenye haki huzisaka na kuzifunga seva hizo wakati mechi ikiendelea.

Upande wa sheria nitaupitia kwa ufupi. Kurusha na kuuza kazi ya mwingine bila ridhaa kunaangukia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayetoa huduma za maudhui kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyesha mpira, anayetoza kiingilio kwa kutumia akaunti ya namna hii yuko hatarini zaidi kuliko anayetazama sebuleni, kwa kuwa anafanya biashara mbele ya watu. Hata kifurushi halali cha nyumbani hakikukusudiwa kuonyeshwa kwa kiingilio, na kampuni zina vifurushi tofauti vya biashara. Kwa vijana wanaoshawishiwa kuwa mawakala, kwa kuwa mtaji ni mdogo na faida ni ya haraka, ni vyema wajue kwamba nchini Uingereza mwaka 2023 mahakama iliwafunga watu watano walioendesha huduma kama hii yenye wateja zaidi ya 50,000, na kiongozi wao alipewa miaka 11.

Pale ambapo hakuna kinachouzwa

Aina hii haihitaji maelezo marefu, kwa sababu ni ndugu wa ujumbe ambao kila Mtanzania ameshaupokea: "ile hela itume kwenye namba hii". Tangazo ni lilelile, bei ni ileile, ila ukishatuma fedha muuzaji anatoweka, au anaomba ada ya kuwasha akaunti, kisha ada ya usajili, kisha kodi. Wengine hujifanya mawakala wa kampuni halali: wanapiga simu wakisema kuna promosheni ya kulipia mwezi mmoja upewe mitatu, wanakuomba namba ya kadi ya king'amuzi ili waonekane wanajua kazi, halafu wanataja namba ya mtu binafsi ya kutumia fedha.

Dalili iliyo wazi kuliko zote inaonekana kwenye skrini ya simu kabla hujaweka namba ya siri. Huduma za fedha za simu hukuonyesha jina la mpokeaji, nawe unajua umekuwa ukiongea na nani. Muuzaji anayejiita kwa jina la kiume huku namba ikileta jina la mama wa kijiji usichokifahamu, kisha akasema "hiyo ni laini ya dada yangu, tuma tu", ameshakuambia kila kitu. Laini nyingi za utapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasio na habari, na ndiyo maana ni vizuri kila mtu apige *106# mara kwa mara aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiutaja Mkoa wa Rukwa, jirani yetu kabisa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli kwa njia ya simu. Sisemi hivyo ili kuwanyooshea kidole watu wa Sumbawanga, ambao nao wanatapeliwa kama wengine, bali kwa sababu bado wapo wanaoamini kuwa tapeli ni mtu wa mbali. Anaweza kuongea lafudhi ya kwenu na kukusalimia "kamwene" au "ugonile" bila kukosea.

Ukitaka kulipia king'amuzi, ingia mwenyewe kwenye menyu ya malipo ya bili ya mtandao wako, chagua kampuni husika na uweke namba ya kadi yako. Fedha zinakwenda moja kwa moja kwa kampuni. Promosheni ya kweli itaonekana huko, au mhudumu ataithibitisha kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi la king'amuzi chako, wala haitakulazimu kutuma fedha kwa mtu.

Wapo pia wanaouza nafasi ndani ya akaunti za huduma kubwa kama Netflix. Akaunti hizo mara nyingi ni za wizi, au zimefunguliwa kwa kadi za benki za watu wengine, na tangu mwaka 2023 Netflix imebana matumizi ya akaunti moja nje ya nyumba moja, hivyo mnunuzi hufungiwa nje hata pale muuzaji asipokusudia kumdhulumu.

Pale ambapo wewe ndiye unayeuzwa

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa mteja anaweza kukaa mwaka mzima akiangalia mpira kwa furaha bila kujua kwamba ameibiwa.

Njia ya kwanza ni programu inayotumwa kwa WhatsApp badala ya kupakuliwa dukani. Unapoiweka, simu inakuonya, na muuzaji anakuelekeza namna ya kuzima onyo hilo. Kisha programu inaomba ruhusa. Kichezeo cha video hakina kazi na ujumbe wako mfupi, majina yako ya simu wala ruhusa ile ya ufikivu (accessibility) inayoiwezesha programu kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Programu iliyopewa ruhusa ya kusoma ujumbe inaweza kusoma namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Pia kuna wasiohitaji programu kabisa: wanakuambia "kuna namba sita zitaingia kwenye simu yako, nitumie niwashe akaunti", na namba hizo sita ni za kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu yao. Dakika chache baadaye ndugu zako wanaombwa mkopo kwa jina lako.

Njia ya pili ni boksi. Madukani na mitandaoni huuzwa maboksi madogo ya Android yasiyo na jina la kampuni inayofahamika, yakitangazwa kuwa yamefunguliwa na yana chaneli zote bila malipo ya mwezi. Watafiti wa usalama waligundua kuwa baadhi ya maboksi ya bei rahisi yanatoka kiwandani yakiwa na programu hasidi ndani ya mfumo wenyewe, na mengine huambukizwa wakati wa kuyawasha kwa mara ya kwanza, yanapolazimisha kupakua programu kutoka maduka yasiyo rasmi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la hadhara kuhusu mtandao wa vifaa hivyo uitwao BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ilifungua kesi mahakamani dhidi ya waendeshaji wake, ikisema vifaa vilivyoathirika vilizidi milioni 10. Boksi lililoambukizwa hubofya matangazo kimyakimya na kuwapangishia wahalifu njia ya intaneti ya nyumba yako, hivyo mtu aliye bara lingine anafanya uhalifu unaoonekana umetokea sebuleni kwako. Mwenye nyumba anaona tu kwamba bando linaisha haraka kuliko zamani.

Si kila boksi la Android ni baya. Yaliyoidhinishwa na Google yana duka la Play Store halisi, na ndani ya mipangilio ya duka hilo kuna sehemu inayoonyesha kama kifaa kimethibitishwa. Boksi linalokutaka uzime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu, ili lifanye kazi lirudishe dukani siku hiyohiyo. Kama unalo tayari na una shaka nalo, kulirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani hakutasaidia ikiwa uchafu ulitoka kiwandani. Lichomoe kwenye intaneti, kisha badilisha, kwa kutumia kifaa kingine, maneno ya siri ya akaunti ulizowahi kufungua ndani yake.

Ukishatuma fedha

Muda ni kila kitu. Piga 100 kwa mtandao wako mara moja, uwape namba ya muamala na uombe fedha zizuiwe; kama mpokeaji hajazitoa, inawezekana kuziokoa, na akishazitoa kwa wakala nafasi hiyo inapungua sana. Namba ya tapeli itume 15040, ambako TCRA inapokea taarifa za namba za utapeli. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa sababu mtandao wa simu na benki watakuuliza juu yake ukitaka uchunguzi uendelee. Utapeli kwa njia ya kielektroniki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kiasi kidogo hakiondoi kosa. Shilingi 10,000 zako peke yake hazimshtui mtu. Taarifa za watu wengi juu ya namba moja ndizo zinazoifanya ifungwe.

Siku chache baadaye huenda ukapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa anatoka TCRA, polisi au kampuni ya simu, akisema fedha zako zimepatikana na unatakiwa kulipia ada ndogo ili zirudishwe. Huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingi amepewa namba yako na wa kwanza. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Mwambie utakwenda mwenyewe, ukate simu.

Usifute mazungumzo kwa aibu au kwa hasira. Piga picha za skrini zinazoonyesha tangazo, namba ya muuzaji, jina lililotokea wakati wa kutuma na ujumbe wa muamala, na uzipige mapema, kwa kuwa WhatsApp inamruhusu mtumaji kuufuta ujumbe wake kwa wote kwa zaidi ya siku mbili tangu autume.